Shusheni Hiyo Mashine

Mjane alirudi kutoka kununua gundi akakuta gari la mizigo limeegeshwa mlangoni kwake, na mashine yake ya kukatia karatasi imeshapakiwa, imefungwa kamba. Kaka yake alisimama pembeni akifuta jasho.

"Afadhali umefika," kaka akasema. "Kusanya nguo zako, tutoke kabla jua halijawa kali."

"Tutoke twende wapi?"

"Nyumbani."

Mumewe alikuwa na miezi minane kaburini. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na walijuana siku mjane alipompelekea riwaya iliyochanika mgongo. Fundi aliikagua akasema, "Hii haikuanguka. Hii imesomwa mpaka ikachoka." Wakaoana. Wakaishi miaka kumi katika vyumba vitatu vya kupanga pamoja na mama yake fundi, aliyeitwa Mwalimu na mtaa mzima ingawa alishastaafu na macho yalishamwishia. Kisha mapafu ya fundi yakashikwa, akalazwa siku sita, ya saba hakuiona.

Shule zilikuwa zimeacha vitabu vingi karakanani, chumba cha mbele. Mjane aliketi kwenye kiti cha mumewe akashika sindano. Vitabu vyake vya kwanza vilitoka na migongo kama ya ngamia. Mwalimu alivipapasa kimoja kimoja. "Hiki kimepinda. Fumua." Akafumua, akalia, akashona upya. Jioni alimsomea Mwalimu riwaya zilizoletwa kutengenezwa, na Mwalimu aligombana na wahusika kana kwamba wameketi naye mkekani. "Huyo bwana ni mjinga, ruka ukurasa." Siku moja, katikati ya ugomvi huo, mjane alijikuta anacheka. Akashtuka, maana hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Sasa alimgeukia kaka yake. "Nani amekwambia nataka kuhama?"

Kaka alikohoa, akaangalia mlangoni. Mwalimu alikuwa ameketi pale, fimbo magotini.

"Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipigia simu," kaka akasema.

"Mama?"

"Nilimpigia, ndiyo," Mwalimu akajibu. "Una miaka thelathini na minne. Utanishika mkono kunipeleka chooni mpaka lini? Mwanangu amekufa. Hakuna kinachokufunga hapa. Nenda kwenu, ukaanze maisha."

Mjane aliweka kopo la gundi chini.

"Kwa hiyo mlikaa kwenye simu mkanipangia safari, kama kabati? Kaka, nyumbani kwako sijui hata vikombe vinawekwa wapi. Hapa naujua kila msumari. Hapa nimezika mume, hapa nimejifunza kazi. Na wewe, mama, usinifukuze ukasema unanihurumia. Kama umenichoka, sema umenichoka."

Mwalimu aliigeuzageuza fimbo magotini.

"Sema basi!"

"Sijakuchoka," Mwalimu akasema, kwa sauti ndogo.

"Haya. Shusheni hiyo mashine."

Dereva alichungulia dirishani. "Jamani, tunapakia au tunapakua?"

Mjane alijifunga kanga kiunoni, akapanda garini, akaanza kufungua mafundo kwa meno.

"Watu watasema nini?" kaka akalalamika. "Watasema nimeshindwa kumtunza dada yangu."

"Waambie nimekataa. Waambie dada yako ana kichwa kigumu. Wanaonijua hawatashangaa."

Kaka alijaribu kukunja uso, kicheko kikamponyoka. Akavua shati, akashika upande wa pili wa mashine. Walipoifikisha ndani, wote wawili wakihema, alimwambia, "Mlango wangu uko wazi, mdogo wangu. Siku yoyote."

"Nitakuja. Nije kama mgeni, niketi, niletewe chai."

Mwalimu alinuna siku mbili. Siku ya tatu, akiwa anakunywa uji, akasema, "Jina lililoko kwenye mkataba wa nyumba ni la marehemu. Nikifa mimi, watakutoa nje na sindano zako. Nipe viatu vyangu."

Walikwenda kwa miguu hadi ofisi ya mwenye nyumba. Karani, kijana mwenye tai iliyombana shingo, alifungua fomu mpya, akaandika jina la Mwalimu, kisha la mjane.

"Uhusiano wenu?"

"Binti yake," mjane akasema.

Karani aliangalia vitambulisho. "Majina hayaoani. Ni mkwe, siyo?"

"Nimekwambia binti."

"Dada, mimi naandika kilichoko kwenye karatasi."

"Karatasi hiyo haijawahi kumwogesha. Andika binti."

Karani alimgeukia Mwalimu, akitafuta mtu wa kumwokoa.

"Usinitazame mimi," Mwalimu akasema, "kwanza sikuoni. Andika ulivyoambiwa, kisha unisomee."

Kalamu ilikwaruza. Karani akasoma, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "Binti."

"Vizuri. Kaa chini."

Alikuwa ameketi tayari.

Nje jua lilikuwa limekolea na barabara imejaa magari. Mwalimu alilalamika kwamba anavutwa kama mbuzi. Binti yake akamwambia apunguze maneno aongeze hatua, kuna vitabu arobaini vya shule vinasubiri, na leo yeye hafumui hata kimoja.

"Tutaona," Mwalimu akasema, akamshika mkono kwa nguvu, wakavuka.