Zamu ya Saksafoni

Maonyesho ya ska, muziki wa asili ya Jamaika, ya Jumapili mchana pale Coventry, Uingereza, yalikuwa na desturi moja: wimbo wa mwisho, watazamaji hupanda jukwaani kucheza na bendi. Marva Lindo, mpiga saksafoni, mwanamke pekee kati ya wanaume sita, aliipenda desturi ile. Leo hakuitaka.

Wimbo alioutunga mwenyewe, wa msimamizi wa kiwandani aliyemshika kiuno, vipara watatu wa mstari wa mbele, vijana wazungu walionyoa vichwa, waliufunika kwa milio ya nyani. Kisha wakamwambia avue shati.

"Hao watolewe kwanza," alimwambia Nigel, mwimbaji. "La sivyo, hakuna wimbo wa mwisho."

"Wamelewa tu, Marva. Ungecheka kidogo wangenyamaza."

"Wewe ungecheka?"

Nigel alikuwa mzungu. Akamgeukia mpiga ngoma. "Lascelles, ongea na dada yako, bwana."

Marva naye akamtazama. Bila ngoma hakuna wimbo, na Lascelles alikuwa kaka yake, tumbo moja, ngozi moja. Milio ile ilikuwa yake pia.

Lascelles aliangalia vijiti vyake. "Dada, tumalize twende nyumbani. Usituharibie." Akahesabu hadi nne.

Watu wakapanda. Kipara mmoja, jasho linamchuruzika, akamwekea Marva mkono begani. "Hatukuwa tunakusema wewe, mpenzi. Wewe ni wetu."

Katikati ya wimbo ule bendi nzima hunyamaza, saksafoni ikalia peke yake. Zamu ilipofika, Marva aliitoa mdomoni. Ukumbi ukawa kimya. Vipara wakaanza tena, uh-uh-uh, wakicheka, na safari hii hapakuwa na ngoma ya kuwafunika. Lascelles alisikia vizuri kabisa. Akainua macho, yakakutana na ya dada yake.

Kisha akashusha vijiti juu ya ngoma, wimbo ukaendelea.

Nyumbani mama yao alipakua wali wa maharage na kuku, paja kwa Lascelles kama kawaida.

"Mmepiga vizuri?"

"Vizuri, mama," alisema Lascelles.

"Na wewe, Marva, mbona husemi?"

"Mimi zamu yangu sikupiga, mama. Na sitapiga naye tena."

Mama akacheka. "Nyie? Mliopiga pamoja tangu utotoni kanisani, mkigombania kiti kimoja?"

Hakuna aliyecheka naye. Lascelles aliacha kutafuna. Akalichukua lile paja, akaliweka kwenye sahani ya dada yake. Marva alilitazama hadi likapoa.