Mgeni Aliyekuja na Usukani

Usukani wa zamani ulikuwa unachuja. Jua lilikuwa limeupiga miaka mingi hadi ngozi yake ikalainika na kunata, na kila mshonaji aliposhuka garini viganja vyake vilikuwa vyeusi ti. Angevumilia, maana alishavumilia mengi kwenye gari lile, lakini siku moja alishika gauni la bibi harusi kabla hajanawa, na alama za vidole zikabaki kiunoni mwa kitambaa cheupe. Alisugua kwa limau na chumvi mpaka akachoka. Mwishowe alishona ua juu ya doa. Bibi harusi alilipenda sana lile ua, akataka na la pili.

"Mimi nashona nguo nyeupe kwa mikono ya makanika," mshonaji alimwambia mumewe. "Hapana, nimechoka."

Mumewe alikuwa karani wa duka la rangi na hakuwahi kujifunza kuendesha. Alisema magari yanamtia kichefuchefu akikaa mbele na usingizi akikaa nyuma, kwa hiyo alikaa nyuma akalala. Mama mkwe naye alikaa nyuma, kwa sababu mbele mkanda ulimbana. Gari lilikuwa la familia, lakini nyuma ya usukani alikaa mtu mmoja tu.

"Nitamwambia mdogo wangu," mume alisema.

Mdogo wake alikuwa fundi wa magari. Mtaa mzima ulimwita Hamna Shida, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake hata injini ikiwa imelala chini kwenye vumbi. Alikuja na usukani mwingine chini ya kwapa, mweusi, mzuri, mkavu, wa gari la aina ileile.

"Umetoka gari gani, shemeji?" mshonaji aliuliza.

"Gari la mtu mmoja."

"Lilipata ajali?"

"Shemeji, vipuri vyote duniani vimetoka gari la mtu mmoja."

Aliufunga, akapiga honi, honi ikalia. Mshonaji alipowasha gari, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikakataa kuzimika. Ilikuwa ile taa ya mfuko wa hewa, ambayo mafundi huiita taa ya eabegi: mtu mdogo amekaa, mkanda umempita kifuani, na mbele yake duara kama mpira. Ule mfuko hukaa umekunjwa ndani ya usukani. Gari likigonga, hufura ghafla ukamdaka dereva kabla kifua chake hakijafika kwenye usukani. Taa ikiwaka, maana yake mfuko una kasoro, au haupo.

"Hamna shida," alisema Hamna Shida.

Akachomoa betri, akaenda kunywa chai, akairudisha. Taa ikawaka. Siku nyingine akaja na mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya dashibodi, akafuta kila kosa lililoandikwa humo. Taa ikazimika, na mshonaji alipofika kona ya kwanza ikawaka tena. Akafungua usukani akabadilisha waya uliojiviringa nyuma yake. Alisema waya ule hukatika mtu akizungusha usukani ovyo wakati wa kuufunga, na hakusema ni nani aliyeuzungusha. Taa ikawaka. Mshonaji alikuwa ameanza kumzoea yule mtu mwekundu. Aliona kama amegeuza kichwa kidogo kumtazama, ingawa hakuwa na uso.

Mwishowe Hamna Shida alitoa mfukoni rezista, kitu kidogo kama punje ya mchele chenye mikia miwili, akaiunga kwenye waya. Kompyuta ya gari ikiipima rezista hudhani imeupima mfuko. Taa ikazimika moja kwa moja.

"Umefanyaje?" mshonaji aliuliza.

"Nimeidanganya kidogo."

"Umeidanganya kuhusu nini?"

"Kuhusu taa," alisema shemeji, akakusanya bisibisi zake.

Jioni hiyo mume alirudi kutoka kazini akakuta kiti chake cha sebuleni kimekaliwa. Aliyekikalia alikuwa na kimo cha mtu mzima, mwekundu mwili mzima kama kaa la moto, ila hakuwa na joto. Alikuwa amekaa wima akiutazama ukuta. Mkanda wa mwanga ulimpita kifuani, na kati ya kifua na magoti yake palikuwa na kitu cha mviringo kilichofura, chekundu vilevile. Sebule ilinuka kiberiti kilichozimwa.

"Huyu ni nani?" mume aliuliza.

"Yule wa kwenye dashibodi," alijibu mshonaji, macho yakiwa kwenye cherehani. "Shemeji kamtoa."

"Aha," mume alisema. Akavuta kigoda, akauliza kama chai ipo.

Mgeni hakula, hakunywa, hakusema. Asubuhi alitangulia garini akakaa kiti cha pembeni ya dereva, na jioni alikuwa sebuleni kabla mlango haujafunguliwa. Tatizo lilikuwa mwanga wake. Vitambaa vyeupe vilionekana vyekundu, na mshonaji akawa anabahatisha rangi za nyuzi, mpaka mteja mmoja akaondoka na suruali ya kijivu iliyoshonwa kwa uzi wa zambarau. Mama mkwe alipokuja alimsalimia mgeni kwa heshima, akasubiri jibu, hakulipata. Akamfunika shuka mabegani, kwa kuwa hakuona kama amevaa nguo.

"Mtu mtulivu," mama mkwe alisema. "Nimezaa wengine hawamfikii hata robo."

Kila jua lilipozama, yule mtu alitupwa mbele. Ilikuwa ghafla, bila sauti, kama aliyesukumwa na mkono mkubwa mgongoni. Kifua kilienda, kichwa kikaenda, na kile kitu cha mviringo kikampokea. Akazama humo kidogo. Kisha akarudi taratibu kwenye kiti, akakaa wima, akatazama ukuta. Familia ilizoea kuzima redio muda huo, wakaiwasha tena ikishapita.

Siku moja jua lilizama mshonaji akiwa kwenye cherehani, na walitupwa wote wawili. Mgeni alipokelewa. Mshonaji hakupokelewa na kitu. Paji la uso lilipiga kichwa cha cherehani, akaona nyota.

"Umesinzia," mume alisema, akamletea kitambaa cha maji baridi.

Kesho yake hakuwa amesinzia. Alikuwa mezani anachambua mchele, ungo ukaruka, uso ukaenda kwenye mbao. Siku iliyofuata akakaa kitandani, mume akapiga magoti mbele yake akiwa ameshika mto kwa mikono miwili, kama golikipa. Alimpenda mkewe, hilo halina ubishi. Jua likazama, mshonaji akatupwa, na mwili wake ukaupita mto kwa pembeni kama vile mto haukuwepo. Ukaenda kugonga ubao wa kitanda, na mume akabaki na mto wake mikononi.

"Samahani," mume alisema. "Nilikuwa nimeushika vizuri kabisa."

Mshonaji alikaa sakafuni akishika paji la uso, akamtazama yule mtu mwekundu anavyorudi taratibu kitini bila hata mkwaruzo. Hapo akajua. Yule ana kitu mbele yake, mimi sina.

"Mwite mdogo wako," alisema. "Na mama naye aje. Usukani ule unafunguliwa leo."

Walisimama wote uani kulizunguka gari, mgeni amekaa ndani. Hamna Shida alijivuta, akasema kufungua usukani ni hatari, akasema bisibisi yake ameiazima mtu, mama yake akamtazama, bisibisi ikapatikana. Akakibandua kile kifuniko cha katikati kwa nguvu, ngozi ikachanika ukingoni. Ndani mlikuwa na vipande vya godoro, vimekatwa vikakunjwa vizuri.

"Si umeona?" alisema Hamna Shida. "Umejaa."

"Umejaa godoro."

"Shemeji, nikwambie ukweli. Mfuko mzima unalishinda bei gari lenyewe. Hizi sukani zote zinazotoka kwenye magari yaliyogonga, mfuko wake umeshafanya kazi, haurudi tena. Kila fundi anafanya hivi. Na wewe huendeshi fujo."

"Kwa hiyo ulijua."

Hamna Shida akakuna shingo. Mshonaji akamgeukia mumewe, na mumewe akayatazama magurudumu. Hasira zilimpanda mshonaji. Aliwaangalia mmoja mmoja, watu wake hawa anaowapikia na kuwashonea, akaona kwamba hakuna hata mmoja wao anayekaa pale mbele.

"Nalipeleka kwa fundi mwingine," alisema. "Nitoe rezista yenu, niweke mfuko wa kweli, hata nikope."

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa upole. Alimshika kiwiko. "Ukilipeleka kwa mwingine, atalifungua, atacheka, na kesho mtaa mzima utajua. Huyu mwenzako atakula wapi? Ana watoto. Kumvua nguo ndugu yako hadharani, hapana. Tutafute njia nyingine."

Kuku akapita chini ya gari.

"Tuliuze," mume alisema.

Neno lile lilimshukia mshonaji kama maji ya mtungi. Alifurahi, na alifurahi haraka, kabla hajawaza nani atalinunua. Mabega yalimshuka. Hamna Shida naye akapata sauti yake, akasema anamjua mtu anayetafuta gari kama lile, hamna shida. Akalirudisha godoro mahali pake akalibana kwa kidole gumba. Lakini kifuniko kilikuwa kimechanika, na chenye mchaniko hakiuziki, kwa hiyo wote wakamtazama mshonaji.

Aliingia ndani akaleta sindano ya ngozi na uzi mweusi. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akashona. Mgeni alikuwa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza mwanga wake ulikuwa na kazi, maana jioni ilishaanza kuingia. Mshonaji alivuta mishono midogo, sawasawa, akaficha fundo kwa ndani. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wa kiwandani. Jua lilipozama alikuwa ameshatoka nje akaketi chini, mgongo wa mumewe ukiwa mbele yake, na bado aligonga paji la uso kwenye mawe ya ua.

Aliyekuja kununua alikuwa mkunga, msichana mwenye furaha ya leseni mpya ya udereva. Alitaka gari la kumfikisha kwa wazazi wanaojifungulia nyumbani kule barabara zinakoishia. Alizunguka gari, akapiga matairi mateke kama alivyoona watu wakifanya, akafungua mlango akachungulia.

"Na huyu?"

"Huyo anakuja na gari," alisema Hamna Shida.

"Msumbufu?"

"Hana neno kabisa."

"Shikamoo," mkunga alimwambia mgeni, akaingia akashika usukani. "Lo, usukani mzuri! Kama mpya."

Mshonaji alisimama kwenye dirisha la gari. Alifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amesimama kivulini na kanga yake, mume anahesabu vidole vya miguu yake mwenyewe, Hamna Shida amelalia boneti. Maneno yalikuwa tayari, mafupi tu, hata mtoto angeyasema.

"Mlango wa kushoto," mshonaji alisema, "uunyanyue kidogo ndipo uufunge."

"Asante sana dada. Vitu kama hivi watu hawakuambii."

Gari likaondoka polepole, na yule mwekundu akaondoka nalo. Jioni ile jua lilizama na hakuna kilichotokea. Mume alirudi kwenye kiti chake, akakipapasa kwanza. Redio ikaendelea kulia. Mshonaji alikaa kwenye cherehani amekaza mwili wote, akangoja, akangoja, kisha akaanza kulia kwa raha, na mumewe akamwekea mkono mgongoni. Siku zikapita, paji la uso likapona, nyuzi zikarudi kwenye rangi zake. Alikwenda sokoni kwa miguu, akawa anasema kutembea kunamfaa.

Mkunga alirudi mvua zilipokatika. Alitaka kushonewa sare mbili za kazi. Mshonaji alijaza pini midomoni, akampima mabega, akampima kiuno, na aliponyoosha utepe kupima urefu akauona uvimbe kwenye paji la uso. Palikuwa na uvimbe mpya juu ya uvimbe wa zamani, na ngozi ilikuwa imepasuka katikati.

"Dada, nikuulize kitu," mkunga alisema. "Nilishonwa wiki iliyopita hapa juu, na jana pakafunguka tena. Jua likizama tu natupwa mbele. Juzi nilikuwa nimempokea mtoto, bado yuko mikononi mwangu. Namshukuru Mungu mama yake alikuwa karibu akamshika." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya vifungo. "Gari lilipokuwa kwako, ulikuwa ukitupwa?"

Mshonaji alitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake. Alizitoa taratibu sana. Masikio yalimwaka kwa aibu. Upande wa pili wa pazia mumewe alikuwa anakunywa chai, na kikombe kikaacha kulia kwenye kisahani.

"Hapana," alisema. "Labda ni uchovu. Kazi yenu nyinyi haina kulala."

"Labda," mkunga alisema.

"Ngoja nikupe kitu."

Alitafuta kwenye vipande vilivyobaki, akapata kitambaa kizuri cha bluu, laini. Akakipinda mara mbili hapo pa kukaa kwenye paji la uso, akakiwekea pamba katikati, akakipitisha kwenye cherehani. Alikataa kulipwa. Mkunga akakifunga mbele ya kioo, akakishusha kidogo mpaka uvimbe ukapotea, akasema kimemkaa vizuri. Kisha akaaga haraka, maana kulikuwa na mzazi anamngoja na jua lilikuwa limeshainama.