Macho ya Dalila

Mume wangu Kaviha anafuga chatu, tena amempa jina la mwanamke: Dalila. Anaishi ndani ya sanduku la kioo sebuleni kwetu Magogoni, pale pale nilipotaka kuweka kabati langu la vyombo.

Juma lile Dalila alikataa panya wake. Alijikunja pembeni, ukimkaribia anapuliza kwa hasira, na macho yake yakafanya utando. Nikasema moyoni, na afe tu. Kaviha akapiga magoti mbele yake, samaki wa nazi niliyempikia akipoa mezani.

"Usimsumbue, Ruth," akaninong'oneza. "Anataka kujivua ngozi. Siku hizi haoni vizuri, ndiyo maana amekasirika na hataki kula. Ukimpenda, huhitaji kuambiwa."

Mimi nami nilikuwa nimesusa chakula tangu juzi, hasira zimenijaa, macho mekundu kwa kulia. Lakini mimi sina magamba.

Jumamosi nikaenda kusukwa. Nikavaa dera jipya, nikajifukiza udi, nikasimama mlangoni pa sebule.

"Ruth, njoo uone!" Kaviha akaita bila kugeuka. Ngozi kuukuu ilikuwa imelala kando, nyembamba kama karatasi ya nailoni. "Mtazame alivyopendeza!"

Dalila akainua kichwa taratibu, akanitazama kuanzia nywele mpaka miguu. Katika nyumba ile, ni yeye peke yake aliyeniona.