Sinema Nyuma ya Shuka

Jumapili alasiri, wanawake wa Chemchem walipotoka kwenye onyesho lao kule mjini, hawakwenda makwao kwanza. Walipitia kwa Mwamvita. Walivua viatu barazani, wakapita hadi ua wa nyuma, wakamkuta ameketi mkekani na nguo yake nyeupe ya eda, vikombe ameshavipanga. Kabla chai haijamiminwa ugomvi ulikuwa umeanza.

"Yule mkwe si mtu, ni jini," alisema Zamda, fundi cherehani wa mtaa wa pili. "Ningekuwa mimi, ningemwachia nyumba yake na masufuria yake."

"Mkwe hana kosa," Mwamvita alijibu. "Mwenye kosa ni huyo mwanawe, anapiga nyimbo bustanini wakati mambo yanaharibika nyumbani."

Wote wakaguna kuwa kweli. Na Mwamvita picha yenyewe hakuiona. Kwa miezi miwili na nusu hakuwa amevuka kizingiti, tangu siku mumewe Abasi alipozikwa, na kila sinema iliyoonyeshwa Tabora kwa muda huo aliiona kwa midomo ya wenzake. Zamda alimsimulia kwa mikono na mabega, akiimba zile nyimbo kwa Kihindi cha kubuni, na kama mtu hakufa kwa uchungu wa kutosha kwenye picha, Zamda alimuua upya. Maua, muuza vitumbua, yeye alisimulia kama anayesoma bei sokoni: wakapendana, wakaachana, wakapatana, basi. Mwamvita aliwasikiliza wote wawili, akachanganya, akatoa hukumu. Waliolipa kiingilio wakabaki kushangaa mtu aliyeketi mkekani anajuaje zaidi yao.

Alijifunzia kwa Abasi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa yao ilipita hivyo: Abasi, fundi seremala, alikwenda sinema Jumamosi na wanaume wenzake, Mwamvita alikwenda Jumapili na wanawake. Usiku ule mmoja wa katikati, Abasi alijizuia kusema lolote kuhusu picha, ingawa ulimi ulimwasha. Mwamvita aliporudi, hata buibui hajavua, mumewe alikuwa ameweka kazi chini anamsubiri. "Haya, sema. Nani mwongo mle ndani?" Basi walibishana mpaka wali ukaungua. Hawakukubaliana hata kwa picha moja. Sasa Mwamvita alikuwa na maoni tele na hakuna wa kumbishia vizuri. Wenzake walimkubalia upesi mno, na hilo lilimwuma kuliko walivyodhani.

Jumapili moja ugomvi haukunoga. Zamda alimaliza picha nzima kabla chai haijapoa, bila wimbo hata mmoja.

"Wewe leo umemezwa na nini?" Mwamvita alimtania. "Mpaka sasa hajafa mtu."

Zamda alitazama ukuta. Maua alitazama ndani ya kikombe chake, na Maua kwa kuficha jambo hakuwa na kipaji kabisa.

"Kabla ya picha waliweka habari za serikali," alisema. "Kijiji cha ujamaa, huko njia ya Ipole. Watu wanajenga shule. Tumemwona marehemu."

Zamda alimfinya, lakini neno lilikwisha kutoka.

Mwamvita aliweka birika chini polepole. Alikumbuka safari ile. Abasi alikwenda Ipole kutengeneza milango na madawati ya shule, akarudi na asali na habari kwamba watu wa kutoka Dar es Salaam wamepita na mashine ya kupigia sinema, wakampiga picha anatoka jasho. "Hiyo nani ataiangalia?" alisema akicheka. Wiki tatu baadaye homa ilimlaza, na siku ya tisa akafia hospitali ya Kitete. Hakuacha picha hata moja. Kila Idi walisema watakwenda studio, na kila Idi kulikuwa na wageni.

"Anafanya nini?" Mwamvita aliuliza.

"Anacheka, shoga yangu," Zamda alidakia. "Meno yote nje, tena anapunga mkono."

"Maua?"

"Hacheki. Anakata ubao kwa msumeno. Halafu anainua uso, anatazama."

"Anatazama nini?"

"Anatutazama sisi," alisema Maua. "Si muda mrefu."

Siku zilizofuata Mwamvita hakula vizuri. Eda yake ilikuwa imebakiza karibu miezi miwili, na habari zile zisingekaa mjini hata wiki mbili. Jumatatu asubuhi alivaa buibui, akafika mlangoni, akasimama pale mpaka miguu ikaingia ganzi. Hakuna aliyemkataza. Ila eda ndiyo kitu cha mwisho alichoweza kumfanyia Abasi, na aliona haya kumwibia hicho ili akamwangalie. Akarudi ndani, akavua buibui. Alimtamani mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemtamani hata siku ya maziko, kwa sababu siku ile alijua hayupo popote, na sasa alijua yupo mahali, mwendo wa nusu saa kwa miguu, anakata ubao.

Maua alikwenda kwa kaka yake Twalibu. Huyu alikuwa mtu wa gari la sinema la serikali, lile lililozunguka vijijini na mashine yake, likafunga shuka kubwa uwanjani na kuonyesha watu kilimo bora na kuchemsha maji. Twalibu alikuna kichwa. Mkanda ule wa shule angeupata Jumamosi, alisema, lakini kwa mara moja tu. Alfajiri anaondoka nao kwenda Nzega, na vijiji vinausubiri kwa foleni. Uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba ya Mwamvita ungefaa.

Likabaki suala la Bi Nyamizi, shangazi yake Abasi, aliyehamia pale kusimamia eda ya mjane. Zamda na Maua walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, wakamweleza. Bi Nyamizi alifikiri kwa muda wa kutafuna tambuu nzima.

"Miguu ibaki ndani ya ua," alisema hatimaye. "Na asionekane na wanaume. Hayo mawili mkiyatimiza, mimi sina neno."

Ndipo Zamda akapata akili, na jamani, alijisifu nayo wiki nzima. Shuka lifungwe kandokando ya ua wa Mwamvita. Watu wote wakae uwanjani, upande wa pili. Mwamvita atoe matete mawili matatu kwenye ua wake, achungulie; picha inapenya shuka, nalo shuka lenyewe ndilo litakuwa pazia lake. Bi Nyamizi aliridhika. Twalibu aliridhika. Hata Maua, anayetia kasoro kila kitu, hakuona kasoro.

Jumamosi, baada ya sala ya isha, uwanja ulijaa. Zamda na Maua walikaa mbele kabisa ili mtu yeyote asizunguke nyuma, na pia, Zamda alisema, ili wampe mwenzao nafasi ya kuwa na mumewe. Mwamvita alikaa kwenye kigoda mbele ya lile tundu la matete. Alikuwa ameoga, amejitanda upya. Bi Nyamizi aliketi pembeni na macho yake yenye ukungu, tasbihi mkononi.

Mashine ikanguruma. Maandishi yakatokea makubwa, na Mwamvita, aliyewahi kwenda darasa la watu wazima kwa miezi minne, hakuweza kusoma hata herufi moja. Alijilaumu, kumbe mtu husahau upesi hivyo. Kisha ikaja barabara na miti ya miombo, watu wanabeba matofali, sauti ya mwanamume inaeleza jinsi wananchi walivyojitolea. Mwamvita akasogeza uso karibu na tundu.

Akatokea fundi mmoja, karibu kabisa, ameinamia ubao. Alishika msumeno kwa mkono wa kulia.

Siye, Mwamvita alijisemea. Abasi alikuwa na shoto. Baba yake alimfunga mkono, akamchapa, akamwombea dua, na bado mtoto alikua na shoto lake: kula alikula kwa kulia kama watu, lakini nyundo, msumeno, hata kugonga mlango, ni kushoto. Huyu alikuwa fundi mwingine, mtu wa huko huko Ipole. Mwamvita alitazama juu ya bega la mtu yule, akamtafuta Abasi nyuma yake, kati ya wapiga tope na wale vijana waliokuwa darini. Sogea, alimwambia moyoni. Tafadhali ndugu yangu, sogea kidogo nimwone mume wangu. Yule mtu hakusogea. Aliinua uso, uliofifishwa na nyuzi za shuka, akafuta jasho, akabaki anatazama, na Mwamvita akakerwa naye kwa kuziba njia.

Likaja trekta. Wakaja watoto na madaftari, kisha kiongozi mmoja anakata utepe, na watu wa uwanjani wakapiga makofi. Mwamvita alingoja. Picha nyingine ikaanza, ya mbolea ya tumbaku, naye akazidi kungoja.

Maua na Zamda waliingia kwa mlango wa mbele wanahema. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Maua ndiye aliyetangulia kusema.

"Umemwona? Na shoto lake lile lile. Nilisahau kukwambia, nimeliona leo. Anakata kwa shoto, vilevile kama alipotutengenezea meza."

Mwamvita aligeuka, akaliangalia shuka. Mtu wa mbolea alikuwa anaonyesha gunia, na maandishi ya kwenye gunia yalikwenda kinyumenyume, kama ya kanga iliyoanikwa nje ndani. Aliyatazama sana. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto.

"Twalibu airudishe," alisema Zamda, ambaye alikuwa ameuona uso wake bila kuelewa. "Nikamwambie airudishe?"

"Amesema mara moja," Maua alijibu kwa sauti ya chini.

Bi Nyamizi aliacha tasbihi. "Mwanangu, hukumwona?"

Mwamvita alikuwa ameshika matete ya ua kwa mikono miwili.

"Amekuja, shangazi," alisema. "Amekuja mpaka hapa, akanitazama, nami nikamwambia anipishe."