Egesangio ya Darasa la Nane

Mwalimu Eucabeth alikuwa na kosa moja tu, nalo ni kuipenda kazi yake kupita kiasi. Msicheke. Wapo wanaopenda pombe, wapo wanaopenda kesi za mipaka ya mashamba, na wote hao huishi wakazeeka. Yeye alipenda kufundisha Kilimo katika shule ya msingi juu kwenye mwinuko wa Manga, na mapenzi hayo yakamtia jeraha ambalo halijapona.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa na darasa la nane lililojua kila kitu na lisiloweza chochote. Ukiwauliza nafasi ya kuacha kati ya shina na shina la mahindi, wangekujibu kwa pamoja bila kukosea. Ukiwapa jembe, kila mmoja anapanda anavyotaka. Bustani ya shule nayo ilikuwa kipande tu, nusu yake mawe. Basi Eucabeth akawaza: jirani na shule kuna wajane na wazee ambao mashamba yao yamelala kwa kukosa mikono, na hapa kuna mikono imelala kwa kukosa shamba. Kwa nini somo lisifanyiwe huko, watoto wajifunze na wazee wasaidike?

Alikuwa na sababu nyingine pia, na hii aliiweka moyoni. Katika darasa hilo alikuwamo Linet, msichana mwembamba asiyesema sana, ambaye nyanya yake Mong'ina alimlea tangu wazazi walipofariki. Akili ya Linet ilikuwa moto. Lakini msimu wa kulima ukifika, alipotea shuleni wiki hata wiki, maana Mong'ina alikuwa na goti bovu na shamba lao halikulimika kwa mtu mmoja. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa Novemba. Eucabeth alijua kwamba mtoto huyo akiendelea kukosa masomo ataanguka, na yatima akianguka hana wa kumlipia kurudia. Hilo lilimkosesha usingizi kuliko mawe yote ya bustani.

Wazazi walipoitwa mkutanoni, Okemwa, mwenye ng'ombe wa gredi na maneno ya kujaza debe, alisimama akasema yeye alimleta mtoto asome, si awe kibarua wa watu. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Eucabeth aliuona mpango wake ukimfia mikononi, ndipo akaacha Kiswahili cha mkutano akawageukia kwa Ekegusii. Akawaambia hiki si kibarua, hii ni egesangio. Je, babu zao hawakulimiana kwa zamu, leo kwangu na kesho kwako? Basi hii ni egesangio ya darasa la nane. Lo! Baraza zima likalainika. Ni Mgusii gani atasimama mbele ya wenzake aikatae egesangio? Hata Okemwa aliketi. Mwalimu alirudi nyumbani akiimba, na Mong'ina, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi karibu na mlango kwa ajili ya goti lake, alichukua fimbo yake akaenda zake.

Walianza kwa Mong'ina, mwishoni mwa Februari. Darasa zima lilishuka mtelemkoni na majembe, na mwalimu mwenyewe akiwa mbele, viatu amevua. Walipima kwa kamba, wakachimba mashimo, wakaweka samadi, wakapanda mahindi na maharagwe, na kila mstari ulikuwa somo. Kazi ambayo ingewachukua Linet na nyanya yake karibu mwezi mzima iliisha jua likiwa bado juu. Mong'ina alikuwa amepika viazi vitamu vya kuwatosha wote na uji wa wimbi wa kuteremshia. Eucabeth alitaka kukataa, akaona ni adabu kula, akala. Katika egesangio mwenye shamba hulisha waliomlimia. Sheria hiyo aliijua, kwao Ekerenyo alizaliwa nayo. Ile sheria ya pili, kwamba kazi hulipwa kwa kazi, nayo aliijua vilevile, ila haikumjia kichwani. Kwake lile lilikuwa somo.

Machi yote Linet hakukosa shule hata siku moja. Alikuwa anashika namba moja, na alianza hata kucheka na wenzake. Eucabeth alimwambia mwalimu mkuu kuwa mpango umezaa matunda, na mwalimu mkuu akaanza kuutaja kwa walimu wa shule nyingine kama vile ulikuwa wake. Ndivyo walivyo wakubwa.

Kumbe asubuhi, Linet akishapita na mkoba wake kuelekea shule, Mong'ina alikuwa akitoka na jembe kwa njia ya chini. Nyumba moja baada ya nyingine. Kila mtoto aliyeshika jembe shambani mwake ilikuwa ni nyumba iliyomlimia, na nyumba iliyokulimia unairudishia. Wazee wengine waliosaidiwa na darasa walishukuru wakanyamaza. Walijua maneno ya mkutanoni ni maneno ya mkutanoni. Mong'ina hakuwa wa kunyamaza. Mjukuu wake alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba dawa ya deni ni kulipa, sasa nyanya mtu angemfundisha nini kingine?

Aliyemfunua ni Okemwa. Alikuja shuleni akiwa amekunja uso, akamwita mwalimu kando. Akamweleza kwamba yule mama yumo shambani kwake tangu asubuhi akipalilia, amemwambia aache, hataki. Okemwa, na maneno yake yote, alikuwa na aibu. Alisema egesangio ni ya mwalimu, basi mwalimu aje aimalize.

Eucabeth alimkuta amepiga goti moja chini, lile bovu amelinyoosha pembeni, analima hivyo hivyo akijikokota. Alimshika mkono amwinue. Mong'ina hakuinuka.

"Mama, lile lilikuwa somo," Eucabeth alimwambia. "Hakuna anayekudai."

"Siku ya mkutano nilikuwepo, mwalimu. Ulisema egesangio. Hukusema somo."

"Basi sasa nasema."

"Sasa wameshanilimia, mwanangu." Mong'ina alifuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Mimi ni maskini, hilo kila mtu analijua. Lakini sijawahi kulimiwa bure. Usinifanye ombaomba mbele ya mjukuu wangu."

Sasa mngefanya nini, ninyi mnaosoma? Mwalimu alifanya alichoona ni huruma. Alipita nyumba kwa nyumba jioni zile, akawasihi wazazi kwamba yule mama akija wasimruhusu kushika jembe, wamkaribishe chai, wamrudishe nyumbani. Wazazi walikubali, tena kwa moyo mweupe. Basi kila alikokwenda Mong'ina alipewa kikombe cha chai na maneno matamu, akageuzwa njiani. Hakuna aliyemtukana. Lakini aliona jinsi walivyomtazama, na alitambua kwamba wamekubaliana. Kabla ya hapo alikuwa mtu anayelipa. Sasa alikuwa mtu anayehurumiwa. Wema wa mwalimu ulimvua nguo sokoni.

Hakuacha. Alianza kwenda alfajiri, kabla watu hawajaamka, ili asikutwe. Watu waliamka wakakuta mistari miwili mitatu imepaliliwa na hawajui ni nani, na kwa kweli walijua. Linet naye aliamka akakuta moto umewashwa na nyanya hayupo. Mvua za Aprili zilikuwa zimefika, na mvua ya Manga ya alfajiri haina mzaha na kifua cha mzee. Alikohoa siku kadhaa akisema ni moshi wa jikoni. Linet alipokuja mbio kumwita mwalimu, Mong'ina alikuwa hawezi tena kukaa. Walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, akalazwa Kisii, na huko akafa kwa nimonia kabla muhula wa pili haujafunguliwa.

Eucabeth alilia mazishini mpaka wanawake wakamshika, na wengine wakashangaa mwalimu wa kutoka Ekerenyo anamlilia nani hivyo. Baada ya mazishi Machogu, mdogo wake marehemu baba ya Linet, alisema atamchukua mtoto aende naye Kenyenya. Eucabeth alimwomba amwachie Linet hadi Novemba tu, akae nyumbani kwake, alale kitanda chake. Alimweleza kwamba jina la mtoto limeshapelekwa kwa mtihani katika shule hii. Machogu alimsikiliza kwa heshima zote. Alisema damu yao haiwezi kuachwa kwa watu wengine, kwamba hata Kenyenya shule zipo, na kwamba mkewe ana watoto wadogo na majani chai yanahitaji mikono. Alipotaja mikono, mwalimu alielewa kwamba Linet hataufanya mtihani ule.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Eucabeth mjukuu alikuja kweli, asubuhi ya safari, jembe la nyanya yake begani. Machogu alikuwa amebaki barabarani na sanduku. Linet alisalimia, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kwenye kishamba ambacho mwalimu alipanda chinsaga, mboga yetu ile chungu, akaanza kupalilia.

"Linet, acha," Eucabeth alisema.

"Na wewe ulitulimia, mwalimu." Linet hakuinua kichwa, akamtaja nyanya yake kwa Ekegusii. "Magokoro alisema kwako ndiyo nyumba ya mwisho. Alisema, asipofika, nifike mimi."

Eucabeth alipiga hatua amnyang'anye jembe, akasimama. Alikumbuka nyumba zote zilizomrudisha yule mama na kikombe cha chai. Akageuka, akaingia jikoni, akawasha jiko. Alisonga ugali, akakaanga mayai yote aliyokuwa nayo, akachemsha maziwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Mwenye shamba hulisha waliomlimia.

Linet alipomaliza alinawa, akaketi, akala chakula chote kama mtu mzima aliyetoka kazini. Mwalimu alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kuhusu vitabu, kuhusu mtihani, kuhusu kusamehewa. Akasema tu asante kwa kazi. Linet akaitikia kwamba wamemaliza sasa, hakuna nyumba iliyobaki. Akaweka jembe begani, akaenda alikokuwa akisubiriwa.

Novemba watoto walifanya mtihani wao, na dawati moja halikuwa na mtu. Chinsaga ya mwalimu mwaka ule ilistawi kuliko miaka yote. Aliichuma, akawagawia majirani. Yeye mwenyewe hakuweza kuila.