Kome Wasiooshwa

Jina la Mama Safi halikuokotwa barabarani. Kome ndio waliompa. Kama hujawahi kuwaona, kome ni wale viumbe wa magamba mawili wanaojifukia kwenye tope la bwawa, wakivuta maji na kuyachuja kutwa kucha. Wauzaji wengine sokoni huwapitishia maji mara moja tu, hao, mezani. Mama Safi, thubutu! Yeye aliwalaza usiku mzima kwenye beseni la maji safi, wakafumbua magamba, wakatapika tope lote, naye akawabadilishia maji mpaka kitako cha beseni kionekane. Kisha aliwasugua kwa brashi mmoja mmoja. Mteja akikuta chembe ya mchanga mdomoni, alisema, na aje amtemee usoni. Hakuna aliyewahi kuja.

Hiyo ilikuwa fahari yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa binti yake, daktari wa mifugo mwenye koti jeupe na meza yake mwenyewe maabarani. Ukimwuliza Mama Safi bei ya kome, ungeondoka na habari za koti hilo, bei hujaambiwa.

Binti huyo alikuwa na wazo. Kila mwaka bata mwitu hutua kwa makundi kwenye bwawa anakookota kome mama yake, na baadhi yao hubeba virusi vya mafua ya ndege bila hata kuonyesha kuumwa. Kinyesi chao huishia majini. Wafugaji hujua ugonjwa umefika pale kuku wanapoanza kuanguka mabandani, na hapo maji yameshamwagika. Binti akawaza: kome wanayachuja maji hayohayo. Kwa nini tusiwapime wao kabla kuku hawajafa? Mkurugenzi wake, bwana ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alimkubalia shingo upande.

"Kome nitaleta mimi," Mama Safi akasema. "Hutanunua kome kwa watu wachafu nami ni hai."

Akaleta. Vipimo havikuonyesha kitu. Akaleta tena, patupu, ingawa bata waliookotwa wamekufa kando ya bwawa lilelile walikutwa na virusi. Mkurugenzi akamwita binti ofisini.

"Kome wako wanang'aa, sijapata kuona," alimwambia. "Ila hawana la kutuambia. Jaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, tunafunga kazi hii, unarudi kwenye chanjo za ng'ombe."

Jioni hiyo binti alikwenda kwa mama yake, moyo mzito. Alimkuta uani, kaliinamia beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wangu. Mbona umenuna hivyo? Nani kakunyima?"

Binti akaeleza yote. Mama Safi akawaka. "Huyo bwana ashushe miwani aone vizuri! Hebu tazama hawa wa kesho. Tangu jana nawabadilishia maji. Hata tumboni hawana tope. Ukimpasua mmoja, unaweza kumla na koti lako jeupe usipate doa."

Binti akainama. Akatazama maji yale maangavu.

"Mama, na wale wa kwanza uliwafanya hivihivi?"

"Sasa ulitaka nikuletee uchafu ofisini, mbele ya wenzako?"

Binti alikaa chini palepale kwenye saruji iliyolowa. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Mama yangu wee! Virusi ninavyovitafuta vitakuwa kwenye hilo tope la tumboni. Kila mara umekuwa ukivimwaga mtaroni kabla havijanifikia!"

Mama Safi alihisi uso unamchoma. Aibu ilikuwa karibu, lakini hasira ikawahi kufika. "Na wewe na usomi wako wote, kwa nini hukuniambia nisiwaoshe?"

"Ningejuaje? Nimekula kome wako tangu sijaota magego. Sijawahi kuona tope ndani ya kome. Nilidhani ndivyo walivyoumbwa."

Hapo Mama Safi akasahau hasira. Daktari mzima, hajui kwamba kome ana tope! Katika miaka yake yote ya kuuza, hakuna mteja aliyewahi kumsifu kiasi hicho. Aligeuka kuficha tabasamu.

"Kuna lingine, mama," binti akaendelea, sasa kwa upole. "Nikivipata, bwawa litafungwa kwa muda. Wewe na wenzako hamtaokota wala kuuza."

"Na usipovipata?"

"Kazi yangu itaishia hapo. Na kuku wa watu watakufa kwanza ndipo tujue, kama mwaka jana."

Mama Safi akalitazama beseni lake. Kazi ya usiku mzima ilikuwa mle ndani. Kisha akalipindua, maji na kome wakatapakaa uani. "Niletee glovu zako," alisema, "na ile barakoa."

Kesho yake alikatiza katikati ya soko na ndoo ya kome wenye tope zito, harufu imemtangulia, nzi nyuma yake. Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi nyumbani kubadilisha nguo kwa sababu ya tone la chai. "Mama Safi, leo umeangukia mtaroni?" wakamtania. "Niko kazini," akajibu, na hakukaza mwendo. Pale mapokezi ya maabara tope lilidondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki, dada wa mapokezi akaziba pua, na Mama Safi alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo aliisubiri risiti ya ndoo yake, akaipokea kwa mikono miwili.

Safari hii virusi vilionekana. Mkutano ukaitwa ukumbini, wafugaji upande huu, wauza kome upande ule, binti mbele na koti lake. Akawaambia wafugaji wawafungie kuku mapema, kwani hajafa hata mmoja bado. Akawaambia pia kwamba bwawa limefungwa. Upande wa wauza kome ukalipuka.

"Uongo!" mmoja akapiga kelele. "Kome wetu ni wazima! Nani aliyewaokota hao wenye ugonjwa? Ajitokeze tumwone!"

Binti akainamia karatasi zake. Hakuwa tayari kumtaja mama yake. Ukumbi ukaanza kumzomea, na mkurugenzi akashusha miwani, akapepesa macho.

Mama Safi akasimama. Akanyoosha gauni lake, akasubiri mpaka wote wamgeukie.

"Niliwaokota mimi," alisema, kwa sauti ileile ya kuitia wateja. "Na huyo mnayemzomea ni mwanangu. Kama amesema vimo, vimo, kwa sababu safari hii sikuwaosha."