Mstari wa Laurian

Niliingia ofisi ya ushirika wa alizeti Ilongero nimekunja uso. Vumbi la bodaboda tangu mjini, na yote hayo kwa sababu mfumo wa kompyuta wa wanachama, ambao mimi ndiye fundi wake, ulikuwa unajikokota. Mchawi nilishamjua: kompyuta moja iliyoachwa wazi juma zima.

Ukibadilisha mstari wa mtu, yaani taarifa zake kwenye mfumo, ule wa zamani haufutwi papo hapo. Kama kuna aliyekwisha kuufungua, anaachiwa aendelee kuuona, na nakala zote kuukuu zilizorundikana tangu hapo zinamsubiri amalize ndipo zifagiliwe. Ni adabu nzuri, ila ikizidi inatuangusha.

"Shikamoo mama. Nani kaacha kazi wazi hapa?"

"Marahaba. Ni mimi," alijibu Severina, karani mkuu, bila kuinua macho. Kwenye kioo chake palikuwa na mstari mmoja: Laurian, mkulima, ekari nne, hai.

Laurian alikuwa mumewe. Walikuwa wamemzika juma lile lile. Hasira zangu zikaniishia, nikaona aibu.

"Niliufungua nibadilishe namba yake ya simu, ndipo nikaitwa hospitali," alisema. "Kwa Damari pale anasomeka marehemu. Kwangu bado yupo."

Damari, karani wa meza ya pili, aliinama.

"Pole sana, mama. Lakini inabidi ufunge. Wakulima wamejaa nje, mizigo yao haiingii kwenye mfumo."

"Na nikihifadhi hii ya kwangu? Si ndiyo itakuwa ya mwisho?"

Jibu nilikuwa nalo, ila hakulisubiri. Akabonyeza. Maandishi yakatokea: Imeshindikana. Mstari huu umeshabadilishwa na mtu mwingine.

"Nani?" aliuliza, kama anayemtafuta aliyemuua.

Damari akasimama. "Ni mimi, dada. Nilitoka makaburini nikaja hapa moja kwa moja. Sikutaka neno lile uje uliandike wewe kwa mkono wako."

Severina alimtazama sana. Kisha akashika kipanya, akafunga. Fagio la mfumo likapita, kazi zikaanza kwenda. Akaufungua tena mstari wa mumewe, akausoma polepole kwa sauti: jina, kazi, ekari nne. Neno moja tu ndilo lililobadilika. Ndipo akalia, Damari naye akalia, na mimi sikuwa tena na haraka ya kurudi mjini.